Nampeleka mama Ireland kwa Siku ya Mtakatifu Patrick: twende Dublin, au kuna mahali siku hii ilikoanzia hasa?

Kitindamimba

Wadau, hamjambo. Naomba mawazo ya waliofika Ireland au wanaoishi huko.

Mama yangu ana miaka 68. Jina lake la ubatizo ni Patricia, na alipewa na sista Mwairishi aliyemfundisha kusoma na kuandika. Tangu nikiwa mdogo, tarehe 17 Machi, yaani Siku ya Mtakatifu Patrick, nyumbani kwetu haikupita kama siku nyingine. Mama anatoa gauni lake la kijani, anakwenda Misa ya alfajiri hata ikiwa katikati ya wiki, na jioni anatusimulia habari za yule sista: alivyokuwa mkali wa mwandiko, alivyojifungia chumbani akipata barua ya kwao, halafu anatoka macho mekundu na kuendelea na kipindi. Sista alikuwa amemwambia, "Siku moja utaiona siku hii kwetu." Alizeeka akafariki, na kaburi lake liko pale pale misheni. Mama hulipalilia mwenyewe.

Sasa sisi watoto watano tumechanga. Mimi wa mwisho ndiye nitakayemsindikiza. Tiketi hatujakata, kwa sababu kila ninapotazama picha za Dublin naona vijana wenye kofia za kijani na glasi za bia. Mama si mtu wa kukasirikia furaha ya wengine, lakini nikimvusha bahari yote hiyo akaone hayo tu, nitakuwa nimemkosea. Je, hakuna mahali siku hii ilikoanzia kweli? Na viza moja inatosha kisiwa kizima? Magoti yake yanamruhusu kilomita moja na nusu, pole pole. Ngazi ni shida.

Mgeni wa Galway

Shikamoo nyingi kwa mama. Niko huku mwaka wa tatu, nasoma.

Gwaride la Dublin linaanza saa sita mchana Parnell Square, linateremka O'Connell Street, linavuka mto Liffey na kuzunguka hadi karibu na Kanisa Kuu la Mtakatifu Patrick. Watu wanaanza kujipanga saa tatu, saa nne asubuhi. Mimi nilisimama tangu saa tatu na nusu, na ilipofika saa saba miguu haikuwa yangu tena. Vipo viti vya kulipia, ila vinaisha mapema. Mzee wa miaka 68 akichelewa ataona migongo ya watu tu.

Lakini msiidharau siku yenyewe. Lilipopita bendi la watoto wa shule, wanapiga filimbi na ngoma huku mvua inawanyeshea usoni na hakuna aliyepoteza hatua, nililia hadharani. Ningekuwa nawe ningemchagulia mama mji mdogo. Huko gwaride ni matrekta, wazima moto, klabu ya mpira ya watoto na paroko, na kila anayepita anaitwa jina na watu wa kando ya barabara.

Jambo dogo: mkifupisha jina la siku hiyo, semeni Paddy, msiseme Patty. Paddy inatokana na Pádraig, ndiyo Patrick kwa Kiairishi. Ile nyingine inawaudhi kweli.

Mwalimu Mstaafu

Kijana, neno lako "ilikoanzia" lina majibu mawili, na ni vizuri uyajue kabla hujatoa pesa.

Gwaride halikuanzia Ireland. Lilianzia ng'ambo, kwa Waairishi waliokuwa mbali na kwao. New York walikuwa wanaandamana tarehe 17 Machi mwaka 1762, miaka 14 kabla ya Marekani kutangaza uhuru wake. Huko Ireland kwenyewe ilikuwa sikukuu ya kanisa. Ilifanywa siku ya mapumziko kwa sheria mwaka 1903, na tangu miaka ya 1920 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1960 baa zilifungwa siku hiyo kwa amri ya serikali. Tamasha kubwa la Dublin unaloliona kwenye picha lilianza mwaka 1996.

Sasa piga hesabu. Kama sista wa mama yako aliondoka kwao kabla ya miaka ya 1960, basi "siku hii kwetu" aliyokuwa anaisema haikuwa na kofia wala bia. Ilikuwa Misa katikati ya Kwaresima, kijani kidogo kimebanwa kifuani, na mlango wa baa umefungwa. Hiyo ndiyo siku mama yako aliyoahidiwa. Mtafutie hiyo.

Mama Wawili

Kitindamimba mdogo wangu, nimesoma swali lako nikiwa kwenye mapumziko ya zamu ya usiku, na nimesubiri nifike nyumbani nikujibu kwa utulivu. Mimi ni nesi, nipo Dublin mwaka wa kumi. Mwalimu hapo juu amesema kweli tupu. Mimi nitakuonyesha mahali.

Mpeleke mama Downpatrick.

Ni mji mdogo kusini mwa Belfast, mwendo wa kama saa moja kwa basi. Juu ya kilima kuna kanisa kuu, na kando yake, nje kwenye nyasi, kuna bamba la jiwe la graniti, zito, halijachongwa kwa mapambo. Limeandikwa PATRIC na msalaba. Basi. Mapokeo yanasema ndipo Mtakatifu Patrick alipozikwa. Mwendo wa kama kilomita tatu kutoka hapo kuna Saul, na jina lile linatokana na neno la Kiairishi la ghala. Wanasema chifu wa pale alimpa Patrick ghala lake, likawa kanisa lake la kwanza Ireland. Kanisa lililopo sasa ni la mwaka 1932, dogo, la mawe, lina mnara wa duara ubavuni. Ukitafuta siku hii ilikoanzia, ni kati ya ghala lile na kaburi lile.

Asubuhi ya tarehe 17 watu wanakusanyika Saul, wanatembea kwa miguu hadi kanisa kuu, kunafanyika ibada, kisha wote wanatoka nje na shada la maua linawekwa juu ya jiwe. Kanisa kuu ni la Kianglikana, lakini Wakatoliki wanakuja na viongozi wao wanasimama pamoja. Kwa nchi iliyomwaga damu kama ile, kuona makasisi wa pande mbili kwenye kaburi moja si jambo dogo. Mchana ndipo gwaride la mji linapopita, la familia na watoto.

Sasa viza, na hapa nisikilize sana, maana mimi iliniumiza.

Downpatrick iko Ireland Kaskazini, na Ireland Kaskazini ni Uingereza. Viza ya Ireland haikuvushi. Mpakani hutaona kizuizi wala bendera, utajua umevuka kwa sababu vibao vya mwendo vinabadilika kutoka kilomita kwenda maili, na dukani wanataka pauni badala ya euro. Lakini sheria ipo, na maafisa huingia kwenye mabasi wakaangalia pasipoti. Mwaka wangu wa pili hapa, wenzangu wa wodini walipanga twende pamoja. Nililipa nauli, nilinunua viatu vya kutembelea, nilimpigia bibi yangu nikamwambia naenda kwenye kaburi la Mtakatifu Patrick. Usiku wa kuamkia safari, mwenzangu Mfilipino ananiuliza, "Viza ya Uingereza unayo?" Sikuwa nayo. Nilikuwa na kibali cha kuishi na kufanya kazi Ireland, nikadhani kisiwa ni kimoja. Wao walikwenda. Waliniletea picha ya jiwe, nikaibandika ndani ya mlango wa kabati langu la kazini, ikakaa hapo hadi nilipopata uraia. Machi iliyofuata kiapo, bibi alikuwa keshafariki, nikavuka na pasipoti mpya mfukoni. Hakuna aliyeiangalia.

Kwa hiyo fanyeni hivi. Kama mnataka Kaskazini na Dublin pia, mnahitaji viza mbili: ya Uingereza, na ya Ireland ya kuingia mara nyingi, maana ukivuka kwenda Kaskazini umetoka nchini, na viza ya kuingia mara moja haikurudishi. Ya mara moja ni euro 60, ya mara nyingi ni euro 100. Huwezi kuomba mapema zaidi ya miezi mitatu kabla ya safari, na majibu ya Ireland huchukua kama wiki 8, na pasipoti ni moja, haiwezi kukaa ofisi mbili. Muda utawabana. Kama ni kuchagua, chukueni ya Uingereza peke yake, pitieni London mshukie Belfast. Usifikiri mtakuwa mmepata nusu. Kaburi liko upande huo. Saul iko upande huo. Armagh, alikojenga kanisa lake kuu, nayo iko huko huko: ina makanisa makuu mawili, la Kikatoliki na la Kianglikana, kila moja juu ya kilima chake, yanatazamana, na yote mawili yanaitwa Mtakatifu Patrick. Hata mlima Slemish, ambako wanasema alichunga mifugo akiwa mtumwa, uko Kaskazini.

Ndiyo, mtumwa. Hili mwambie mama, kama sista hakumwambia. Patrick hakuwa Mwairishi. Alizaliwa Uingereza enzi za Warumi, akatekwa na wavamizi akiwa na miaka kama 16, akauzwa Ireland, akachunga mifugo miaka sita kwenye baridi kabla ya kutoroka. Alifika kwao salama. Halafu akarudi kwa hiari kuwahubiria watu wale wale. Ameyaandika mwenyewe, na maandishi yamebaki: anajiita mwenye dhambi asiye na elimu, na anasema alizisikia ndotoni sauti za Waairishi zikimwomba aje atembee tena kati yao. Ipo na barua yake nyingine, kali kama moto, dhidi ya askari wa mtawala mmoja waliowateka Wakristo wake wapya, hata mafuta ya ubatizo hayajakauka kwenye paji la uso, wakawauza. Nilipoisoma barua ile nilikaa kimya muda mrefu. Sisi watu wa pwani ya Afrika Mashariki tunajua masoko yale yalikuwa nini.

Nikueleze siku yangu. Saul palikuwa na umande, baridi ya nyuzi kama sita. Mzee mmoja aliyesimama karibu nami alikuwa na shamrock, yale majani ya kijani wanayobandika kifuani siku hii, koti lake lote upande wa kushoto, si ya plastiki, ya kweli, majani matatu matatu yamejaa kama kishada, na mizizi bado ina udongo, ameifunga kwa karatasi laini iliyoloweshwa maji ili isinyauke. Aliniona kifua kitupu. Akaifungua ile karatasi pole pole kwa vidole vinavyotetemeka, akagawa kile kishada katikati, akanibandikia nusu kwa pini. Akaniuliza natoka wapi. Nilipomwambia Kenya, alinyamaza. Dada yake alikuwa sista huko miaka 31. Alizikwa huko. Yeye hakuwahi kufika.

Tulitembea pamoja hadi kanisa kuu. Baada ya shada kuwekwa na watu kutawanyika, aliniomba nisimame naye kidogo, nisali Baba Yetu kwa Kiswahili, kwa sababu alifikiri ndivyo watu walivyosali kwenye kaburi la dada yake. Nilisali. Kwenye "kama tunavyowasamehe" sauti ilikatika, akanishika kiwiko mpaka ikarudi. Maua ya njano ya Machi yalikuwa yamechanua kuzunguka lile jiwe.

Na hilo jiwe lina sababu. Liliwekwa mwaka 1900, na ninavyosimuliwa ni kwamba watu waliohama kwenda ng'ambo walikuwa wanachota udongo wa kaburi wakaondoke nao, mpaka pakawa na shimo.

Kuhusu magoti: msitembee kutoka Saul. Laleni Downpatrick usiku wa tarehe 16, maana siku ya sikukuu mabasi ni machache, na asubuhi chukueni teksi hadi karibu na mlango wa kanisa. Ibada ataisikiliza ameketi, na kaburi liko hatua chache tu kutoka hapo. Koti la mvua, soksi za sufi, kofia inayofunika masikio. Jua linachomoza kama saa kumi na mbili na nusu na kuzama saa kumi na mbili na nusu, kwa hiyo usingizi hautamsumbua, mchana na usiku vinakaribia kulingana kama kwetu.

Mgeni wa Galway

Dada, nimeishi huku miaka mitatu na sikuwahi kujua kaburi liko wapi. Ya kwangu ifuteni, mfuateni nesi. Na mimi naanza kutafuta hiyo viza.

Kitindamimba

Dada Mama Wawili, nimemsomea mama yote, tangu mwanzo hadi mwisho. Pale kwa mzee na Baba Yetu alinisimamisha, akaniambia nirudie.

Tumeamua: viza ya Uingereza peke yake, Belfast na Downpatrick, na Armagh kama nguvu zitabaki. Ameuliza mambo mawili. La kwanza, kama anaweza kubeba udongo kidogo wa kaburi la sista, kwenye kichupa, auweke pale kwenye jiwe. Anasema wale walichota wakaondoka nao, yeye anataka urudi. La pili, watawa wa shirika la sista wana nyumba yao Dublin, na alitaka kuwaona. Nimemwambia kwa viza hii hatutafika Dublin. Hakusema kitu, lakini nimemwona.

Mama Wawili

Mdogo wangu, udongo usibebe. Udongo kutoka nje ya Ulaya hauruhusiwi kuingia, kwa ajili ya magonjwa ya mimea, na wakiukuta kwenye mzigo wake watamchukulia mbele ya watu. Mwambie mama apalilie kaburi vizuri, alifagie, halafu mpige picha asubuhi jua likiwa upande, ili jina na tarehe zisomeke. Zisafishwe nakala mbili. Moja ataiweka kwenye jiwe kwa mkono wake, chini ya maua, isipeperuke.

Ya pili anipe mimi. Tarehe 17 nitakuwa Downpatrick, zamu nimeshabadilishana. Nyuma ya picha mama aandike mwenyewe, kwa mwandiko ule ule aliofundishwa, sista alimfundisha nini na mwaka gani. Pasipoti yangu inavuka. Kesho yake nitaipeleka mpaka mlangoni kwa wale watawa, na nikifika nitakupigia simu ya video umpe mama azungumze nao.

Nitumie jina la shirika kwa ujumbe wa faragha. Na mwambie mama gauni la kijani alivae juu ya sweta, si chini yake.